Fundo la ndoano linakaa muda gani? Wavuvi wa mshipi tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Mie navua mshipi hapa Tanga, sio kazi yangu ya kila siku ila wikiendi sikosi. Jumamosi tumetoka Sahare alfajiri, tukatia nanga upande wa Ulenge, chambo ngisi, na mshipi ni ule ule niliofunga ndoano wiki mbili nyuma, nimeuzungushia kwenye kidumu ukabaki humo humo mtumbwini. Kolekole kala. Nimevutana nae mpaka nimeuona ubavu unameta chini ya maji, vidole vishachanika, mara paap mkono mwepesi. Navuta, ndoano hakuna, ncha ya mshipi imejiviringa kama springi ya kalamu. Nahodha wala hakunipa pole, kaniuliza tu "fundo hilo ulilifunga lini?" nikamwambia wiki mbili, akanyamaza, akawasha sigara.

Sasa naulizia, fundo linazeeka? Nyie mnafunga upya kila safari au mnaacha? Leteni visa vilivyowakuta, za kuambiwa tuziache.

*Mpwani wa Pangani*
Pole sana mwanangu. Ila ncha ikijiviringa hivyo jua mshipi haujakatika, umechomoka. Fundo lako halikuzeeka, lilikuwa bovu toka siku unalifunga, basi tu vile vichangu vya wiki mbili havikuwa na ubavu wa kulichomoa. Ulizungusha ncha kwenye mshipi mara ngapi? Mie nilikuwa nazungusha mara tatu nakaza kavu kavu kwa haraka, mjomba angu akachukua ndoano yangu akanionyesha juani, pale kwenye fundo nailoni imeparara ina weupe kama kucha ukiibonyeza. Ukikaza kavu inajisugua yenyewe inapata moto, hapo ushaiua kabla haijagusa maji. Toka siku ile nazungusha mara tano au sita, natia mate, nakaza pole pole mpaka lilale. Fundo la namna hiyo nimelitumia mwezi mzima.

*Kigombe Kwetu*
Mwezi mzima unategemea umeliweka wapi mkuu. Mie mwaka jana mfungo wa Ramadhani nilikuwa sina kazi mchana, nikafunga ndoano kama ishirini na vipande vyake vya mshipi, nikazitia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Nimekuja kuzitumia Idd imeshapita siku nyingi, zote nzima hakuna hata moja iliyoniangusha. Alafu kuna mbili nilizining'iniza kwenye ngalawa, zinapigwa jua kutwa, nailoni ikawa kama ina unga unga ukiipitisha vidoleni, nikaivuta kwa mkono tu ikakatika juu ya fundo. Fundo zilezile, mkono uleule, mshipi wa duka moja. Jua hilo.

*Fundi Gundi*
Mie kila fundo natia tone la gundi ile ya kubandikia viatu. Mchezo umeisha.

*Mpwani wa Pangani*
@Fundi Gundi ndugu yangu gundi ikikauka inakuwa kama kioo, nailoni inavutika, gundi haivutiki, samaki akipiga mtikiso wa kwanza inapasuka. Unabandika viatu vya nani huko baharini 😂

*Rodi na Rili*
Wa uzi wa kusuka hili linawahusu zaidi. Shemeji yangu aliniletea rola zima, laini kama uzi wa kushonea ila nguvu balaa, nikafunga fundo langu la nailoni. Nakwama kwenye mwamba navuta kidogo fundo linateleza lote linatoka, ndoano ya kwanza, ya pili, nikasema nimeuziwa feki. Kumbe uzi ule hauna mkwaruzo wa kujishika. Siku hizi naukunja mara mbili, napitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, nafunga fundo la kawaida, alafu naivisha ndoano yote ndani ya kitanzi ndo nakaza. Halijachomoka tena.

*Mvua Tongoni*
Mnahesabu siku, mie nahesabu samaki na mawe. Sie tunaovua kwenye matumbawe fundo linaweza kufa asubuhi hiyo hiyo. Bamvua moja, maji makubwa, nilipata tasi na changu mfululizo kwenye ndoano moja, furaha imenizidi sikuangalia kitu, akaja chewa akala akageuza kichwa kuingia pangoni, mshipi ukakatika shibiri moja juu ya ndoano na fundo lenyewe zima kabisa. Pale chini ndo panapokula meno na mawe. Saizi kila nikitoa samaki wa maana au nikikwama, napitisha ile shibiri ya mwisho mdomoni, vidole vya mvuvi ni sugu havisikii, mdomo unasikia. Nikisikia mkwaruzo hata mdogo nakata nafunga upya. Dakika mbili tu jamani.

*Mwenye mada*
Shukrani wakuu. Nimehesabu mafundo yangu mengine yaliyobaki kwenye kidumu, yote mara tatu na yote niliyakaza kavu 🙈 nimeyakata. Leo nimepita soko la samaki la Deep Sea nikamkuta nahodha nikamuuliza siku ile alinyamaza anawaza nini kuhusu fundo. Anasema fundo wala hakuliwaza, ndoano ile ilikuwa yake, na bado anaisubiri.