Gesti ya Dodoma imegandisha insulini ya mama yangu, meneja ananiambia "iyeyushe utumie"!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Juzi nimemleta mama kliniki kutoka Kondoa. Njia nzima nimepakata dawa yake ya kisukari: vichupa vitatu vimefungwa kwa kipande cha kanga, ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana niliyoipoza kwa maji baridi. Konda alitaka niiweke kwenye buti, nikakataa. Buti la basi kwa jua hili ni tanuri.

Jana tukalala gesti moja hapa mjini. Chumbani hakuna friji, basi nikamkabidhi dada wa mapokezi: weka friji, chini kwenye mboga, siyo kwenye barafu. "Sawa dada, usijali." Hadi juu ya mfuko niliandika kwa kalamu nzito: DAWA, ISIGANDE.

Alfajiri naifuata, inatolewa kwenye friza, chini ya kuku. Jiwe!

Meneja anasema: "Si ulitaka ipoe? Iyeyushe utumie, dawa ni ileile." Siyo ileile! Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinatakiwa vikae nyuzi joto 2 hadi 8. Insulini ikiganda mara moja tu ni ya kutupa, hata ikiyeyuka. Ya mama ni ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa. Ilipoyeyuka nikaizungusha viganjani, chengachenga zikabaki zimeng'ang'ania kwenye kioo. Ndizo nimchome mama yangu?

Kinachoniuma zaidi, kijijini mama hana umeme. Dawa anaitunza kwenye chungu kilicho ndani ya chungu kingine, katikati mchanga anaoulowesha asubuhi na jioni, kivulini. Hewa yetu kavu hii, maji yakikauka yanaondoka na joto. Miaka yote haijaharibika. Imekuja kuharibikia mjini, penye friji!

Leo Jumapili tumezunguka famasi nne. Tumeipata saa 4, sukari ya mama ikiwa imepanda hadi 19, na basi limeshatuacha, nauli imekufa. Mama mwenyewe ananiambia "yaache mwanangu". Siachi.

Nataka vichupa vitatu vilipwe na nauli irudi. Anayejua malalamiko ya gesti yanapelekwa ofisi gani hapa Dodoma aniambie leo. Kesho saa 12 asubuhi tunaondoka.