Laptopu inazima kila nikiiwasha kwa dividii ya Windows

MwanaLangoni: Asalaam aleikum wakuu. ThinkPad T440 yangu nataka kuipiga Windows 10 upya. Naweka dividii, nabonyeza F12, naichagua. Nembo inatokea, vidoti vinazunguka kidogo, kisha skrini ya buluu, au inajizima kabisa. Hii ni diski ngumu, nyingine nishaagiza Mombasa. Nithibitishieni tu.

Jahazi07: Dividii kwanza. Ya kawaida hubeba GB 4.7, na faili la Windows 10 la siku hizi limepita hapo. Tafuta ya tabaka mbili, GB 8.5, uichome kwa kasi ndogo, 4x.

KahawaChungu: Iuze, nunua punda. Hana F12.

FundiShela: Diski ngumu haijaguswa hapo. Kisakinishi cha Windows hunakiliwa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwanza, hata herufi ya diski yake ni X:, ndipo kianze kazi. Kikifia hapo, shuku RAM. Umefungua nini karibuni?

MwanaLangoni: Sijafungua kitu.

FundiShela: Kabisa?

MwanaLangoni: Juzi niliongeza RAM ya GB 4. Lakini ni mpya, na muuzaji kasema DDR3 zote ni moja.

Bisibisi: Ngoja. T440 haina mlango wa dividii. Kisa cha kutunga hiki.

MwanaLangoni: Wallahi si cha kutunga! Ni T440p, herufi imeniponyoka.

Bisibisi: Haya, hiyo inao. Lakini inataka DDR3L, volti 1.35. DDR3 tupu ni 1.5. Soma kibandiko: PC3L au PC3?

FundiShela: Chomoa chaja, toa betri. Mfuniko wa chini una skurubu mbili. Zilegeze, uusukume utoke. Tanua vishikizo vya pembeni, RAM itainuka yenyewe. Ile ya zamani isugue meno kwa raba ya penseli, hewa ya chumvi ya Lamu huyatia ukungu, na usiyashike kwa vidole. Irudishe peke yake, upitishe Memtest86+, programu ya kupima RAM, mzunguko mzima. Kosa moja jekundu likitokea, nayo haifai.

MwanaLangoni: Mpya imeandikwa PC3-12800S. Hakuna L.

Bisibisi: Ndiyo hiyo. Bodi inaipa 1.35, haishibi. Ikiwa na mzigo mdogo inavumilia, ikijazwa inakosea.

MwanaLangoni: Nimeitoa. Memtest makosa sifuri, dividii imefika kwenye kuchagua lugha. Ila diski ngumu iko kwenye basi la Mokowe na arbuni hairudi. Nitaiweka tu.

Jahazi07: Na hiyo dividii uliichoma kwa kasi gani?