Maadili ya biashara yana nafasi gani katika utafiti wa usimamizi wa kimkakati?

Mwanafunzi wa uzamili:
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015, ilipobainika kwamba magari ya dizeli yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari linapimwa, kisha ikapunguza gesi chafu kwa muda huo tu. Msimamizi wangu anaona kwamba mada hiyo ni ya somo la maadili, si ya mkakati. Je, mambo haya mawili yanatengana kweli?

Mhadhiri:
Ndugu yangu, hapo mwanzo hayakutenganishwa. Kenneth Andrews wa Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliujenga mkakati juu ya mambo manne: fursa za soko, uwezo wa kampuni, yale ambayo viongozi wenyewe wanayathamini, na wajibu kwa jamii. Hilo la nne lilififia miaka ya 1980, watafiti walipoegemea uchumi wa viwanda, yaani tawi la uchumi linalochunguza ushindani kati ya kampuni, na kuipa faida ya ushindani uzito wote. Hata kitabu cha R. Edward Freeman cha mwaka 1984, ambacho leo kinahesabiwa kuwa msingi wa nadharia ya wadau (kwamba kampuni iwajali wote wanaoguswa na kazi zake, si wanahisa tu), kiliandikwa kama kitabu cha usimamizi wa kimkakati, na jina lake linasema hivyo waziwazi.

Mkaguzi wa hesabu:
Naunga mkono. Volkswagen ilijiwekea lengo la kuwa kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani ifikapo mwaka 2018, na dizeli iliyonadiwa kuwa safi ilitegemewa kuipanulia soko la Marekani. Kwa maoni yangu, udanganyifu ule uliziba pengo kati ya lengo na uwezo wa kiufundi. Chunguza jinsi malengo yanavyowekwa, na ni nani ndani ya kampuni anayeweza kusema kuwa lengo halifikiki bila kuvunja sheria, naye akasikilizwa.

Mwanafunzi wa uzamivu:
Nina tahadhari moja. Tafiti nyingi huuliza tu kama maadili huongeza faida, na kwa kuuliza hivyo huyageuza kuwa nyenzo inayoweza kuachwa pale isipolipa. Waliovuta hewa iliyochafuliwa na magari yale wengi wao hawakuwa wanahisa wala wateja, kwa hiyo usipime madhara kwa kushuka kwa bei ya hisa peke yake. Waingize nao katika utafiti wako kama wadau wenye haki.