Wazazi wa Mtaa, Mbagala: chumba cha kompyuta

Mama Zuwena: Jamani, habari za jioni. Zuwena kaniambia leo wameingia chumba cha kompyuta, watoto watano mashine moja, na mtandao hakuna. Kipindi kizima kakaa anamtazama mwenzake akibonyeza. Roho imeniuma.

Baba Rajabu: Tuchange tununue nyingine 10.

Baba Omari: Ngojeni kwanza. Jumamosi nilipita pale, mwalimu akanifungulia. Kompyuta zipo 20, ila 14 zimefunikwa kanga. Nikaziwasha moja moja, 9 kati ya hizo zinawaka vizuri tu. Ugonjwa uko kwenye waya wa mtandao. Umetoka ofisi ya mwalimu mkuu ukalazwa juu ya bati, jua lake, mvua yake. Ganda limepasuka mpaka shaba inaonekana. Nimeupima, mita 130. Waya wa aina ile mwisho ni mita 100.

Bibi Tatu: Sasa mwanangu, inakuwaje?

Baba Omari: Shikamoo bibi. Pale stoo katikati pana umeme, tunaweka swichi ya mtandao, kile kiboksi kinachopokea mtandao na kuusukuma mbele, waya mpya tunaupitisha ndani ya bomba. Boksi la Kariakoo lina mita 305, linatosha. Kuvuta nitavuta mwenyewe, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Bibi Tatu: Marahaba. Mungu akuzidishie.

Mwl. TEHAMA: Nashukuru sana Baba Omari. Shida nyingine ni bando, likiisha katikati ya mwezi tumekwama. Waya ukikaa sawa, kompyuta moja naifanya seva, naweka Kolibri.

Mama Zuwena: Ndiyo nini hiyo mwalimu?

Mwl. TEHAMA: Programu ya bure. Masomo, video na mazoezi unayapakua mara moja, yanakaa kwenye mashine moja, zile nyingine zinachota humo bila intaneti. Na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, navyo navishusha. Mnakumbuka Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika, simu zetu zote zikawa zinazunguka tu? Siku kama ile watoto wangeendelea kusoma.

Mama Zuwena: Kumbe kama tangi la maji! Bomba likikauka tunachota la akiba.

Mwl. TEHAMA: Hapohapo mama.

Baba Rajabu: Hapo nimeelewa, 10 zangu nazifuta. Ila tangu elimu bila malipo ianze 2016 michango ya lazima imekatazwa. Asije mtoto wa mtu akarudishwa nyumbani.

Mama Zuwena: Hiari tupu, na ipitie kamati ya shule. Asiye na hela aje ashike ngazi.

Bibi Tatu: Mimi nina 5,000. Mjukuu wangu yuko la tano, sitaki amalize shule akiijua kompyuta kwa kuitazama.

Baba Omari: Kamati ikikubali, Jumamosi saa 2 asubuhi nipo getini. Mwalimu, ufunguo wa stoo anao nani?

Mwl. TEHAMA: Ninao mimi. Nitawahi nitoe madawati yaliyovunjika humo ndani, mlango haufunguki wote.

Baba Rajabu: Nakuja tuyatoe wote.