Bia yangu ya double IPA inanuka siagi na imegeuka rangi, nisaidieni kabla sijapika ingine

PipaLaKasarani:
Wasee habari zenu, naomba ushauri kwa wale wanapika bia nyumbani, hasa hizi za hopsi nyingi (yale maua yanayotia bia uchungu na harufu). Nilipika double IPA, yaani bia kali ya hopsi nyingi, lita 20, hopsi za Citra na Simcoe, na ikiwa bado kwa ndoo ilikuwa inanukia maembe na ndimu mpaka jirani akauliza kuna nini inapikwa. Sasa imekaa kwa chupa wiki kadhaa na si ile bia tena. Ukimimina tu unakutana na harufu ya bisi zilizopakwa siagi, na ukimeza kuna utelezi flani unabaki kwa ulimi. Rangi nayo ilikuwa dhahabu, sasa inaelekea chai ya rangi, na yale maembe yamepotea kabisa. Halafu uchungu uko chini, kikokotoo cha mapishi kilisema IBU 80 (kipimo cha uchungu) lakini mimi naskia kitu cha kawaida tu.

Nilivyofanya ni hivi: kimea cheupe na kimea cha Munich kidogo, sukari nyeupe nusu kilo, nikachemsha saa moja, hamira ya US-05 pakiti mbili, haidromita (ile ya kupima sukari iliyo kwa bia) ikaanza na 1.074. Ndoo ilikaa kwa kona ya sebule na mnajua hii baridi ya Julai, usiku themomita ya kubandika ilikuwa inashuka mpaka 16. Ilipofika 1.013 ikatulia, nikatia hopsi kavu, yaani zisizochemshwa, gramu 180 zikakaa siku tatu, halafu ndoo yote ikaingia kwa friji ili machicha yashuke, kisha nikahamishia kwa ndoo ingine yenye bomba na sukari ya chupani, nikajaza. Vyombo naosha na ile dawa ya asidi haihitaji kusuuzwa.

Hii ndiyo bia naipenda kuliko zote na hopsi zinatoka Marekani kwa bei kali, sitaki kumwaga pesa ingine kabla nijue shida iko wapi. Nibadilishe hamira? Maji? Ama hopsi zilikuwa zimezeeka?

Otis_Umoja:
Pole sana boss. Hiyo siagi ni bakteria, vyombo vimeingia uchafu, mimi ilinipata na busaa na pia na bia. Mwaga yote, tupa ile mipira ya kuhamishia bia na ndoo za plastiki ununue mpya, hakuna njia ingine.

mama_kimea:
Otis ngoja kwanza, usimwagishe mtu bia kabla hatujauliza. Ni kweli kuna bakteria wanaotoa siagi lakini mara nyingi hawaji peke yao, utapata na uchachu kama wa maziwa lala, ama bia inavutika kama kamasi, ama utando juu. Pipa hajataja hata kimoja. Tena siagi imetokea baada ya kutia hopsi kavu, na hapo ndipo mimi naangalia.

Pipa, nifanyie hivi leo. Toa chupa moja kwa friji ikiwa baridi kabisa, ifungue juu ya sinki ukiwa umeizungushia taulo, imimine kwa jagi, halafu uipige kutoka jagi moja hadi lingine mpaka isitoe povu tena. Iache ifike joto la 20 hivi ndio utie haidromita, maana gesi ikibaki itainua haidromita na utasoma uongo. Uniambie namba. Na uonje ukijiuliza swali moja tu, kuna uchachu ama hakuna.

PipaLaKasarani:
Asante mama_kimea. Nimefanya. Chupa ilitoa povu nusu ijimwage yenyewe, hata na baridi yote hiyo. Namba ni 1.010. Uchachu hakuna, nimempa na wife aonje bila kumwambia kitu, akasema siagi na kitu kama boksi lililolowa maji.

mama_kimea:
Basi wife ana ulimi mzuri kwa sababu ametaja shida mbili tofauti, na zina dawa tofauti, tusizichanganye.

Siagi kwanza. Bia ilitulia 1.013 ukadhani imeisha, na ilikuwa imeisha kweli kwa wakati huo. Lakini hopsi zenyewe zina vimeng'enya ambavyo hukata zile sukari ndefu ambazo hamira ilishindwa nazo, zinakuwa sukari fupi, na hamira inaamka kula tena. Si jambo jipya, Waingereza Brown na Morris waliliandika 1893. Sasa hamira ikila upya inatoa kitu ambacho baadaye, nje ya seli, kinageuka diasetili, ndiyo hiyo siagi. Ikiachwa kwa joto inarudi kuila yenyewe na bia inasafika. Wewe hamira ilikuwa tu imeanza kuamka ukaiingiza kwa friji ikalala, ile mali ghafi ya siagi ikabaki kwa bia, ikaja kugeuka siagi kwa chupa. Kwa hivyo US-05 haina makosa na hopsi zako hazina makosa, hopsi zilizozeeka zingekunukia jibini ama soksi.

Wakati ujao ukishatia hopsi kavu usiangalie kalenda, angalia haidromita. Panga kabisa kwamba itashuka tena, ipe joto la 20 mpaka 22, hata kama ni kuifunga blanketi, na kabla ya friji ufanye jaribio hili. Chota bia kidogo kwa glasi mbili, zote uzifunike. Moja iweke ndani ya sufuria ya maji moto ya digrii 60 hivi kwa nusu saa, ingine iache mezani. Ile ya moto ipoze kwa maji baridi mpaka zifanane joto, halafu funua unuse moja baada ya ingine. Joto linalazimisha ile mali ghafi igeuke siagi hapo hapo. Ikiwa ya moto inanuka siagi na ya mezani hainuki, bia bado haijakuwa tayari, irudishie siku mbili tatu urudie jaribio. Zikiwa zote safi, ingiza friji bila wasiwasi. Mimi siwezi kujaza chupa ya bia ya hopsi bila hili jaribio, hata kama wageni wako mlangoni.

FundiKegi:
Naongezea kitu cha haraka kabla ya rangi, hiyo 1.013 kwenda 1.010 ni pointi tatu zimechachukia NDANI YA CHUPA. Kila pointi ni karibu nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita ya gesi kwa kila lita ya bia), kwa hivyo umeongeza kama ujazo mmoja na nusu juu ya ile ya sukari uliyotia, unakaribia ujazo 4 na chupa za kawaida za bia hazikutengenezewa presha hiyo. Zitoe hapo sebuleni leo, usiku huu, kama kuna watoto ndio kabisa. Ziweke kwa friji ama kwa kreti iliyofunikwa gunia, na ukizishika vaa miwani.

Sasa boksi lililolowa pamoja na rangi kukolea, hiyo ni hewa. Bia za hopsi nyingi ndizo huumia haraka kuliko zote, harufu ndiyo hutangulia kufa halafu rangi inafuata. Na naona imeingia mahali pawili. Ndoo ilipoingia kwa friji, gesi iliyo juu ya bia ilijikunja na ikavuta hewa ya nje kupitia kizibo cha maji cha kutolea gesi, na hapo ulikuwa ushatia hopsi, ndiyo saa mbaya zaidi. Halafu ukahamisha kwa ndoo ya pili iliyojaa hewa. Achana kabisa na ndoo ya pili. Tia sukari kwenye kila chupa kwa sindano, jaza moja kwa moja kutoka ndoo ya kuchachushia, mpira ufike chini ya chupa usirushe matone, na usiache nafasi kubwa shingoni. Wakati wa friji funga puto kwa kizibo likiwa limejaa gesi ya bia yenyewe, lijaze mapema bia ikiwa bado inachachuka kwa nguvu, ndoo ivute hiyo badala ya hewa ya sebule. Ukipata pesa ya kegi (pipa la chuma la bia) na mtungi wa gesi utaona tofauti ya usiku na mchana lakini si lazima uanze na hiyo.

MzeeWaLimuru:
Kijana, hakuna aliyekujibu kuhusu uchungu. Hivyo vikokotoo vimeandikwa na watu ambao maji yao yanachemka 100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yako yanachemka kwenye 94 hivi, na sisi huku Limuru tuko juu zaidi, yanachemka chini ya hapo. Uchungu wa hopsi hutoka kwa joto, asidi zake lazima zigeuzwe, na digrii sita zikipungua kazi inaenda polepole sana, kwa hivyo ile saa yako moja si saa moja ya mtu wa Mombasa. Chemsha dakika 90, kwa moto mkali, sufuria iwe wazi, na ongeza hopsi za mwanzo kama robo hivi kisha uonje ndio uamue tena. Hiyo dakika 90 itakusaidia pia ukianza kutumia kimea cha pilsner, maana kikichemshwa kivivu kinaacha harufu ya mahindi ya kuchemsha.

Njeri_BH:
Na maji jamani? Pipa unatumia ya kaunti ama ya kisima? Yale ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini na yanafaa sana kwa IPA, shida ni klorini tu, inaweza kukupa harufu ya plasta ya kidonda. Tia potasiamu metabisulfaiti kidogo sana, ncha ya kisu tu kwa lita 20, klorini inaisha dakika chache. Ya kisima hapa Nairobi mara nyingi yana magadi, yanaleta ukali unaokausha mdomo. Nikitumia maji ya bomba mimi huongeza jasi gramu 5 hivi, uchungu unakuja safi.

PipaLaKasarani:
Ni ya bomba dada Njeri, na plasta siskii. Wakuu nimewaelewa, chupa zishaingia friji na zile hazikutosha ziko kwa balcony ndani ya kreti na gunia juu. Swali la mwisho, hizi zilizobaki kuna kuokoa ama nikubali tu?

mama_kimea:
Hewa haitoki, harufu ya maembe usiitegemee. Lakini siagi inaweza kupungua kwa sababu hamira bado iko hai humo ndani. Zipoze sana usiku mzima, vaa miwani ya FundiKegi, inua kifuniko taratibu gesi itoke mpaka povu litulie, weka kifuniko kipya, halafu zirudi kwa joto la 20, ndani ya kreti iliyofunikwa. Onja moja baada ya wiki. Siagi ikiisha utabaki na bia ya kimea ya asilimia 8, pika nayo nyama ama uinywe na nyama, na usiikalishe. Hata Vinnie Cilurzo, anayetajwa kuwa alipika double IPA ya kwanza pale kiwanda cha bia cha Blind Pig, California, 1994, bia zake za aina hii watu huambiwa wanywe zikiwa mpya.

Na ukipika ingine weka hapa namba za haidromita za kabla na baada ya hopsi kavu, pamoja na ulichonusa kwa zile glasi mbili, tutaisoma pamoja kabla ujaze chupa.