TV mpya na tamthilia za zamani: nyuso zimepanuka, picha inateleza, vichwa vimekatwa

marudio_ya_usiku:

Wakuu, naombeni msaada. TV ni ya inchi 55, 4K. Ninachotazama ni tamthilia za miaka ya 1990, nyingine za DVD, nyingine za mtandaoni, pamoja na muvi za kawaida. Shida ni tatu. Za DVD zinawafanya waigizaji wote kuwa mabonge, na magari yamelala kama yamekanyagwa. Muvi, hata zile kubwakubwa, zinateleza mno mpaka zinafanana na video ya harusi. Halafu Seinfeld, ile komedi ya Marekani, ya mtandaoni inawakata watu utosi, na kwenye kipindi chake kiitwacho The Pothole shimo lenyewe linalozungumziwa halionekani! Inauma kuona kitu unachokipenda kikiharibiwa hivi. Kipi kinarekebishika kwa rimoti, na kipi ndiyo basi tena?

duara_ni_duara:

Mbili za kwanza zinarekebishika. Ya tatu si kosa la TV yako.

Tuanze na mabonge. Tamthilia hizo zilitengenezwa kwa uwiano (upana kwa kimo) wa 4:3, skrini yako ni 16:9. Picha ya 4:3 ikikaa inavyotakiwa huchukua robo tatu ya upana wa skrini, na kila upande hubaki mkanda mweusi wa asilimia 12.5. Ukiona skrini imejaa yote, ama picha imevutwa, upana ukaongezeka kwa theluthi moja, ama imekuzwa, na robo nzima ya kimo chake imepotelea juu na chini. Kujua ni lipi, tafuta kitu cha mviringo: saa ya ukutani, au gurudumu la gari linaloonekana kwa ubavu. Limekuwa yai? Imevutwa. Ni duara safi lakini vipaji vya nyuso havipo? Imekuzwa.

Kwa DVD, mkosaji mara nyingi ni deki. Deki nyingi zenye HDMI huichukua diski ya 4:3, zikaivuta ijae 16:9, kisha ndiyo zikaituma. TV inapokea picha iliyokwisha kuharibika na kuamini ndivyo ilivyo, ndiyo maana kuchagua uwiano wa asili kwenye TV hakusaidii. Simamisha diski kabisa (deki nyingi hufunga mipangilio hii diski ikiwa inacheza), ingia kwenye menyu ya deki, uchague 16:9 ile inayoacha mikanda pembeni. Kama deki haina chaguo hilo, lazimisha TV iwe 4:3, kwa ingizo hilo la HDMI tu.

Na jamani, tusiichukie mikanda myeusi. Ukiiona, ujue picha nzima iko hapo.

fremu_24:

Hapo kwenye "video ya harusi" umelenga penyewe. Muvi hupigwa kwa fremu (picha mojamoja) 24 kwa sekunde, wakati video za kawaida na michezo ya studio ilirekodiwa kwa picha 50 au 60 kwa sekunde, na jicho linaijua tofauti. TV mpya huchukua zile 24 na kutunga nyingine za katikati. LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus, na kwenye matoleo ya karibuni ya Samsung iko ndani ya Picture Clarity. Kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imewashwa. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima ya kuwasihi watu waizime, na walikuwa na haki.

Ukitaka kuiona inavyokosea, mtazame mtu akipita mbele ya uzio wa nondo. Kingo za kichwa chake zinametameta, na nondo zilizo karibu na sikio zinapinda, kisha zinanyooka tena. TV imekisia fremu ambayo kamera haikuipiga, na haikujua nyuma ya kichwa kulikuwa na nini.

Kabla ya kuzima, icheze kwanza muvi yenyewe. TV nyingi hutunza mipangilio kwa kila ingizo na kila modi ya picha, na HDR (picha yenye mwanga na giza la kina zaidi) ina yake peke yake. Ukizima wakati unatazama taarifa ya habari, muvi ya HDR itateleza vilevile, nawe utadhani TV ni mbovu. Kama TV yako ina Filmmaker Mode, modi ya picha iliyotangazwa 2019, chagua hiyo: inazima fremu za kutunga, inaacha kunoa kingo na kusafisha chenga, na haigusi uwiano. Kama huna, chagua modi ya sinema, kisha zima kwa mkono. Rangi itaonekana ya manjano mwanzoni. Ivumilie, jicho litazoea.

kanda_ya_35:

Nami niigusie ya tatu. Seinfeld ilipigwa kwa filamu ya 35mm, kwa hiyo ilipochanganuliwa upya ilitoa picha kali sana. Ubaya ni kuikata iwe 16:9: pembeni unaongezewa kidogo, juu na chini unanyang'anywa. Kilichokatwa kabla ya kukufikia hakirudi kwa kitufe chochote. Tafuta DVD zake, ziko kwa 4:3. Ukali ni mdogo, mistari 480 au 576 tu, lakini shimo utaliona.

The Simpsons nayo ilikumbwa na hayohayo ilipoingia kwenye huduma ya mtandaoni ya Disney+ Novemba 2019. Kuna mzaha ambapo bia tatu, Duff, Duff Lite na Duff Dry, zote zinalishwa na bomba moja. Bomba liko juu ya picha. Likikatwa, hakuna cha kuchekesha kilichobaki. Mashabiki walilalamika, na tangu Mei 2020 unaweza kurudisha 4:3: fungua ukurasa wa kipindi, nenda sehemu ya maelezo, zima swichi ya uwiano mpya. Laiti kila huduma ingefanya hivyo.

marudio_ya_usiku:

Asanteni sana. Deki imekubali, magurudumu sasa ni duara. TruMotion nimeizima, ila kamera ikizunguka taratibu kwenye mandhari, picha inarukaruka. Nimeharibu?

fremu_24:

Hujaharibu. Kama kisanduku chako cha kutazamia mtandaoni kinatuma 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, 60 haigawanyiki kwa 24, hivyo fremu moja inakaa mara tatu, inayofuata mara mbili, na mwendo unachechemea. Kwenye kisanduku cha Apple TV 4K nenda mipangilio ya video na sauti, washa chaguo la kulinganisha kasi ya fremu. Fire TV nayo inalo. Skrini itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili muvi inapoanza, usishtuke.

Kama bado, na hasa kama skrini ni OLED, ambayo kila nukta hujiwashia mwanga wake na hubadilisha picha papo hapo bila kuacha ukungu, fungua TruMotion uchague User: De-Blur (ya kupunguza ukungu) 0, De-Judder (ya kupunguza kurukaruka) 2 au 3 kati ya 10, basi. Kisha rudi kwenye yule mtu na uzio. Nondo zikianza kupinda, shusha namba moja.