Babu amerithi pua ya mjukuu: yule bwana na System Shock 2

Mzee wa Spana (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mtanivumilia nikipungukiwa adabu kidogo. Simtaji jina, maana hakuna asiyemjua: ni yule bwana ambaye kila gemu ameimaliza, kila gemu imemchosha, na kila anayembishia huambiwa akue kwanza. Leo kijana mmoja ameuliza kwa heshima zote aanze na gemu gani ya kutisha yenye mambo ya anga za mbali na kujenga mhusika wako mwenyewe. Watu wakamtajia System Shock 2, na nafsi yangu ikatulia. Ndipo bwana yule akaingia, akaandika kwamba kijana asijisumbue nayo, kwa sababu gemu hiyo "imeiga BioShock", gemu nyingine.

Imeiga BioShock, jamani.

System Shock 2 ilitoka mwaka 1999, na BioShock ikatoka mwaka 2007. Kuiga kwa namna hiyo ni sawa na babu kurithi pua ya mjukuu wake. Isitoshe, Ken Levine, aliyekuwa msanifu mkuu wa System Shock 2, ndiye huyohuyo aliyekuja kuongoza kazi ya BioShock, kwa hiyo kama kuna wizi hapo, basi mtu ameanua nguo zake mwenyewe kwenye kamba yake mwenyewe, na jirani anapiga yowe la mwizi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba naamini hajaicheza. Nilimwuliza kwa upole (nilikuwa bado mpole wakati huo) anamkumbukaje Daktari Polito, akanijibu kwamba ni mama mwema anayekuongoza kwa redio mpaka mwisho. Mpaka mwisho! Ndugu zangu, yeyote aliyefika sitaha ya nne ya Von Braun, chombo cha anga gemu inamochezwa, anajua alichokikuta katika ofisi ya mama huyo: maiti iliyokaa kwenye kiti, kisha kuta zinafunguka na SHODAN anajitambulisha, ile akili mnemba inayokuona wewe kama mdudu, na unagundua kwamba tangu uamke ulikuwa ukitumwa na adui kama mtoto anayetumwa dukani. Kwangu mimi hakuna gemu iliyowahi kunidanganya vizuri kiasi hicho. Yeye amebaki na mama mwema, halafu anatuambia kwamba imeiga BioShock.

Na mnajua anachokipuuza? Unaamka mwaka 2114 ukiwa na vipandikizi mwilini usivyovikumbuka, unaokota spana, na mtu wa kwanza anayekujia ana mnyoo uliomganda mwilini na bomba la chuma mkononi. Anakuomba radhi huku anakupiga. Nimepigwa katika gemu nyingi, lakini ni huku tu ndiko nimepigwa na mtu anayenisihi nikimbie, na usiku ule nilizima kompyuta nikalala taa ikiwaka. Mlango wa mwanzo kabisa unafunguliwa kwa namba 45100, inayotokana na ile 451 ya System Shock ya kwanza ya mwaka 1994, na BioShock nayo ikaja kuweka 0451 kwa heshima ya wazee wake. Namba yenyewe inaonyesha nani baba na nani mtoto. Ila kwa mujibu wa bwana wetu, baba ndiye aliyeiga.

Kimya Kingi

Mleta uzi, pole sana, lakini wewe si ndiye uliyefungua uzi hapa ukiuliza mlango huo wa 45100 unafunguliwaje, ilhali namba ilikuwa imeshatajwa mbele yako? Ulizunguka chumba kimoja siku tatu ukiugonga kwa spana. Naona jina lako umelipata kihalali.

Mzee wa Spana

Zilikuwa siku mbili. Tusitoke nje ya mada: mtu amesema gemu ya 1999 imeiga gemu ya 2007.

Mgeni wa Jana

Ndugu mleta uzi, mimi ndiye kijana niliyeuliza swali. Nilikuwa nimeshaipakua na nimefika sitaha ya pili, ambako Daktari Polito amekuwa akinipa maelekezo mazuri sana, na nilikuwa nimeanza kumpenda. Sasa nimesoma aya yako ya nne. Yule bwana alinikataza tu nisicheze, lakini wewe umenimalizia gemu nzima kabla sijala chakula cha jioni.

Kimya Kingi

Mwacheni kijana alie, ana haki yake.

Bastola Mbovu

Mimi sijali nani ameiga nani, kwa kuwa nina kesi yangu dhidi ya gemu hiyo tangu nilipoigusa. Watu wanaoweza kusafiri kasi kuliko mwanga wameshindwaje kuunda bunduki inayodumu hata korido moja? Shotigani yangu ilikwama mbele ya wawili wenye mabomba, ikiwa imejaa risasi, na silaha za huko kwa ujumla zinachakaa haraka kuliko jembe la kuazima.

Mzee wa Spana

Kilitoka kiraka cha programu kinachokuwezesha kupunguza uchakavu huo, tena kikaleta na uwezo wa kucheza na wenzako. Hayo yanajulikana. Turudi kwa aliyesema imeiga BioShock.

Msaka Kemikali

Afadhali wewe bunduki ilikukwama. Mimi nimeokota kiungo cha adui nikichunguze ili nijue udhaifu wake, uchunguzi ukadai kemikali ambayo ghala lake liko sitaha nyingine, na nilipotoka kuifuata nikakuta korido niliyoisafisha imejaa maadui upya. Nimekimbia ndani ya chombo hicho kama tarishi. Ila wanaonikera kuliko wote ni wale tumbili wenye ubongo wazi, wanaokurushia mashambulizi ya akili wakiwa wamejificha pembeni.

Sanifu Mtupu

Si tumbili hao, ndugu yangu. Kwa umbo lile ni sokwe, na tofauti yao ni kubwa. Tumbili ana mkia.

Msaka Kemikali

Mtu anayerushiwa moto wa akili na mnyama aliyekasirishwa na maabara hana nafasi ya kumkagua mkia.

Bastola Mbovu

Mimi nimewaita nyani siku zote.

Sanifu Mtupu

Nyani ndiyo kabisa si penyewe. Nyani ana pua ndefu.

Mzee wa Spana

Wakuu, miaka 8! Nane!

Mgeni wa Jana

Samahani, hao tumbili wanaanzia sitaha ya ngapi? Nimesikia mlio nyuma ya mlango na nimebakiwa na risasi mbili.

Sanifu Mtupu

Sokwe.